Bomba linatetemeka tangu pampu mpya ifungwe: je, vifaa vyepesi vya wavu vitasaidia?

Swali

Mhandisi, salamu. Mimi ni fundi wa pampu katika kituo kidogo cha maji huku Busoga. Tulibadilisha pampu ya zamani iliyokuwa ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, tukafunga nyingine kubwa zaidi ya mizunguko 1,480. Tangu siku hiyo bomba la inchi nane linalotoka kwenye pampu linatetemeka hadi geji haisomeki, na kijibomba kinachobeba geji hiyo kimepasuka mara mbili kwenye weldi. Bomba ni la chuma, unene wa milimita 6.3. Linatetemeka zaidi pale linapovuka njia ya toroli, mita 4 kutoka nguzo hadi nguzo, mahali ambapo hatuwezi kusimamisha nguzo ya katikati. Mkubwa wangu anasema pampu ni mbovu na irudishwe. Binti wa kaka yangu, anayesoma uhandisi, ananiambia kuna vifaa vyepesi vilivyosukwa kama wavu ambavyo hufungwa juu ya bomba na kuutuliza mtetemo bila kuongeza uzito mwingi. Je, jambo hilo ni la kweli, na linaweza kufanyika kwetu?

Jibu

Ndugu fundi, nakushukuru sana kwa kuniandikia urefu, unene na mizunguko, kwa sababu bila tarakimu hizo nisingeweza kukupa zaidi ya maneno ya jumla. Nimekaa nazo, nimepiga hesabu, na hesabu hiyo imeonyesha jambo ambalo ningependa mkubwa wako alisikie kabla pampu haijapakiwa kwenye lori. Binti wa kaka yako amekuambia kweli: vifaa hivyo vipo na vinafanya kazi. Lakini vina sharti moja lisilosamehe, nalo ni kwamba lazima ujue kwanza bomba lako linatetemeka mara ngapi kwa sekunde. Kifaa cha wavu kilichotengenezwa bila kuijua namba hiyo ni uzito tu uliofungwa juu ya bomba.

Tuanze na pampu. Mizunguko 1,480 kwa dakika ni mizunguko 24.7 kwa sekunde, yaani hezi 24.7. Hata pampu nzuri kabisa haikosi kasoro ndogo ya mizani katika impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji) au shafti, hivyo kila mzunguko mmoja hulisukuma bomba mara moja. Sasa tuliangalie bomba. Kila mita moja ya bomba lako ina takriban kilo 33 za chuma na nyingine 33 na nusu za maji yaliyomo ndani, kwa hiyo kipande cha mita 4 kinabeba kama kilo 266. Kipande hicho, kikiegemea nguzo mbili na kuachwa kipinde chenyewe, kina mdundo wake wa asili, kama vile ubao wa ngoma ya mbao una sauti yake, na kwa vipimo ulivyonipa mdundo huo ni kama hezi 26. Hesabu hiyo inachukulia kwamba nguzo hazisogei hata kidogo. Nguzo halisi husogea, nazo zikisogea mdundo hushuka, kwa hiyo sitashangaa bomba lako likiwa kwenye hezi 25. Pampu inaita kwa 24.7, bomba linaitikia kwa 25. Hapo ndipo shida yako ilipo.

Pampu ya zamani ilizunguka kwa kasi karibu maradufu, kiasi cha hezi 48. Mdundo wa kwanza wa bomba ni 26 na wa pili uko juu kwenye 105, kwa hiyo pampu ile ilikuwa ikiita kwa sauti ambayo bomba halina jibu lake. Mmeleta pampu ya taratibu zaidi, ambayo kila mtu angeitarajia iwe tulivu, nayo ikaangukia palepale kwenye mdundo wa bomba. Huenda basi pampu haina ubaya wowote. Kuirudisha na kuletewa nyingine ya mizunguko ileile 1,480 kutawagharimu usafiri na siku za wananchi kukosa maji, na siku ya kuiwasha mpya bomba litatetemeka vilevile.

Naomba usilichukulie jambo hili kama kero ya kelele tu. Kwa hezi 24.7, bomba hupinda na kurudi zaidi ya mara milioni mbili kwa siku moja. Chuma hakivunjiki kwa kupinda mara moja kidogo, ila weldi iliyopindwa mamilioni ya mara huanza ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo hutembea. Kijibomba cha geji ndicho hupasuka kwanza kwa sababu kinabeba kichwa kizito, yaani geji na vali yake, kwenye shingo nyembamba. Kwa hiyo leo hii, kabla ya jambo lingine lolote, kifupishe kijibomba hicho na ukifungie mkono wa chuma unaokishikilia kwenye bomba kubwa lenyewe. Usikifunge kwenye ukuta wala sakafu. Ukikifunga ukutani, bomba litakwenda na kijibomba kitabaki, na weldi ndiyo itakayolipa. Kikifungwa kwenye bomba mama, viwili hivyo hutembea pamoja na shingo haipindwi.

Hatua inayofuata ni kupima, kwa sababu mimi nimekisia kwa karatasi na wewe uko mbele ya chuma chenyewe. Simu yako ina kipimio cha mwendo ndani yake. Weka programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, ambayo huonyesha mtetemo kama mchoro wenye vilele. Zima pampu lakini acha bomba limejaa maji. Ifunge simu katikati ya zile mita 4 kwa ukanda wa mpira, uikaze isicheze hata kidogo, kisha ligonge bomba mara moja kwa nyundo ya mpira. Mchoro utatoa kilele, na kilele hicho ndicho mdundo wa asili. Rudia mara tano, ukigonga kutoka juu na kutoka ubavuni, kwa maana bomba lililoshikwa na klempu mara nyingi huwa na mdundo mmoja wa kupanda na kushuka na mwingine wa kwenda pembeni. Simu inayosoma mara 100 kwa sekunde huona hadi hezi 50 tu, na hiyo inatutosha kwa kazi hii, ingawa haitakuonyesha mtetemo wa mapanga ya impela, ambao kwa impela ya mapanga matano ungekuwa karibu na hezi 123.

Nimesisitiza maji kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka ya nyuma, katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, tulipima bomba siku ya matengenezo likiwa tupu, tukatengeneza vifaa vya kutulizia kwa namba tuliyoipata, na siku ya kuwasha havikufanya lolote. Bomba kama lako likiwa tupu lina mdundo wa hezi 37 hivi. Likijaa maji linashuka hadi 26. Tulikuwa tumetibu bomba lingine kabisa. Tangu hapo sipimi bomba tupu, na ninamwomba kila fundi afanye hivyo.

Sasa nije kwenye wavu. Wazo la kutuliza mtetemo kwa kuongeza kitu kidogo kinachotetemeka si geni, na unaliona kila ukisafiri kutoka Iganga kwenda Jinja. Tazama nyaya kubwa za umeme mahali zinapofika kwenye mnara: utaona kitu kidogo kimening'inia chini ya waya, mfano wa fimbo fupi yenye vichwa viwili vizito. Kifaa hicho kinaitwa Stockbridge, kwa jina la mhandisi wa Marekani, George Stockbridge, aliyekibuni katika miaka ya 1920 baada ya kuona nyaya zinachoka na kukatika kwa mtetemo wa upepo. Upepo ukiutetemesha waya, vichwa vile hutetemeka mahali pake, na msuguano ndani ya fimbo, ambayo kwa kweli ni kamba ya nyuzi za chuma, huigeuza nguvu hiyo kuwa joto dogo lisilodhuru. Waya wenye mamia ya kilo unatulizwa na kifaa cha kilo chache. Siri yake ni kwamba kifaa kimepewa mdundo ule ambao waya ungetetemeka nao.

Wavu umelichukua wazo hilo ukalisogeza mbele zaidi. Watafiti waligundua kwamba ukipanga vitu vinavyofanana kwa nafasi zinazolingana, mpangilio wenyewe hukataza mawimbi fulani kupita. Mwaka 1995 wataalamu wa Uhispania walipima sanamu iliyosimama wazi mjini Madrid, kazi ya Eusebio Sempere, ambayo ni mabomba ya chuma yaliyosimamishwa kwa safu kama miti ya shamba, wakakuta sauti ya karibu hezi 1,670 inafifia ikipita katikati yake. Mchongaji hakuijenga kwa nia hiyo. Nafasi kati ya mabomba ndiyo ilifanya kazi. Tatizo la njia hiyo ni kwamba nafasi inapaswa kukaribia nusu ya urefu wa wimbi. Katika bomba lako, wimbi la kupinda la hezi 24.7 lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo nusu yake ni mita 4 na kidogo. Hatuwezi kujenga wavu ambao tundu lake moja ni mita 4.

Njia ilifunguka mwaka 2000, pale watafiti wa Hong Kong walipochapisha majaribio yao ya gololi za risasi za kipenyo cha sentimita moja, zilizovikwa mpira laini wa silikoni na kupangwa ndani ya gundi ngumu. Kitalu hicho kilizuia sauti ya hezi mia kadhaa, ambayo urefu wa wimbi lake ulikuwa mkubwa mara mia na zaidi kuliko nafasi kati ya gololi na gololi. Kilichozuia hakikuwa nafasi. Kila gololi ilikuwa na mdundo wake juu ya mpira wake, na mdundo huo ulipofikiwa, gololi ilikwenda kinyume na gundi iliyoizunguka. Fikiria watu wawili wamekaa kwenye mtumbwi mwembamba mtoni: mmoja akiinama kulia na mwenzake kushoto kwa wakati uleule, mtumbwi unabaki wima. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha ETH mjini Zurich walionyesha jambo hilohilo kwa wavu wa plastiki uliochapwa kwa printa ya 3D, na ndani yake wakapachika vipande vya chuma vyenye umbo la mchemraba, ambavyo hapa nitaviita miche. Wavu ndio springi, chuma ndicho uzito. Nadhani hiki ndicho binti wa kaka yako alichokisoma darasani, au kitu cha ukoo wake.

Kwa nini wavu, wakati springi ya kawaida ipo? Hapa utaalamu wenyewe ni mzuri na unastahili kuelezwa kwa nafasi. Wahandisi huuita muundo huu latisi: fito nyembamba zilizounganishwa kwenye vifundo, kama uwa wa mianzi uliopandishwa ghorofa nyingi. Ugumu wake hautegemei tu nyenzo iliyotumika, unategemea zaidi jinsi fito zilivyopangwa. Fito zikipangwa ili zipinde zinapobanwa, wavu wenye asilimia 10 tu ya nyenzo hubaki na takriban asilimia moja ya ugumu ambao kitalu kizima kingekuwa nao. Fito zilezile zikipangwa kwa pembetatu, zikawa zinavutwa na kusukumwa badala ya kupinda, wavu wa uzito uleule huwa mgumu mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo, katika kipande kimoja cha plastiki kilichochapwa kwa mara moja, naweza kutengeneza ganda gumu la pembetatu linaloshika bomba, na ndani yake fito laini zinazobeba mche wa chuma, bila bolti wala nati katikati. Anayefanya kazi na mitambo inayotetemeka anajua thamani ya kitu kisicho na nati ya kulegea. Tena fito hizo naweza kuzifanya ziwe laini sawasawa kwa kupanda, kushuka na kwenda pembeni, jambo ambalo bapa la springi haliwezi, kwani bapa hupinda upande mmoja tu.

Ila naomba neno wepesi lisikupotoshe. Wavu ni mwepesi, lakini kwenye midundo ya chini kama yako lazima pawepo uzito wa kweli unaocheza ndani yake. Bomba linapopinda katikati, ni kama nusu ya uzito wa kipande ndiyo inayotembea kwa hesabu, yaani kilo 133 kwako. Ili kifaa kifanye kazi inayohisika, uzito unaocheza uwe angalau asilimia tano ya huo, ambao ni kama kilo 6.7. Miche saba ya chuma, kila mmoja sentimita 5 kwa kila upande, ina uzito wa kilo 0.98 mmoja mmoja, jumla kama kilo 6.9. Hapo tumefika. Na springi ya wavu inayoubeba kila mche inapaswa kuwa na ugumu wa karibu newtoni 24 kwa kila milimita, maana yake ukiuwekea mzigo wa kilo 2.4 ubonyee milimita moja. Ukiuacha mche ukae kwa uzito wake wenyewe, utashuka kama milimita 0.4. Linganisha na njia ya kuliongezea bomba uzito mtupu ili mdundo wake ushuke kwa asilimia 15: ungehitaji kulifunga kama kilo 50 katikati kabisa, au zaidi ya kilo 100 zikitandazwa kwenye urefu wote, na nguzo zako zingebeba mzigo huo usiku na mchana. Kilo saba zilizopangwa kwa akili zinafanya kazi hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzuri wa jambo hili lote.

Mahali pa kuvifunga pana uzito sawa na vifaa vyenyewe. Umeiona embaire, ile marimba ya mbao, ikipigwa huko kwenu: mbao zimelazwa juu ya vigogo vya migomba, na vigogo havikai kwenye ncha kabisa wala katikati, hukaa kiasi cha asilimia 22 ya urefu kutoka kila ncha, au karibu na hapo. Ni kwa sababu ubao ukipigwa, sehemu hizo mbili karibu hazisogei, hivyo mgomba haumezi sauti. Ukisogeza kigogo hadi katikati, ubao unakuwa bubu. Kanuni ni ileile kwa bomba, ila sisi tunataka kinyume chake, tunataka kumeza. Pale bomba linaposhikwa na nguzo halisogei, na kifaa kitakachofungwa hapo hakitafanya lolote hata kikiwa cha gharama gani. Vifunge vyote saba ndani ya mita moja ya katikati.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi katika kituo chako ni jenereta, nawe hukulitaja, ingawa sijui kituo cha maji huku kwetu kinachofanya kazi bila jenereta ya akiba. Umeme wa gridi ni hezi 50 na mizunguko ya pampu hubaki karibu palepale. Umeme ukikatika na jenereta ikashika, hezi zake zaweza kuwa 48 zikilemewa au 52 zikiachiwa, na pampu itazunguka kwa 23.7 au 25.7 badala ya 24.7. Vifaa vyote saba vikipewa mdundo mmoja kamili wa 24.7, vitautuliza mtetemo hapo vizuri sana, lakini vitazaa vilele viwili vipya pembeni, kimoja karibu na hezi 22 na kingine karibu na 27 na nusu. Jenereta ikitangatanga inakisogelea kimojawapo. Ndiyo maana sishauri kuvipa mdundo mmoja. Vitawanye kati ya hezi 22 na 26, kila kimoja na wake, na uzijaze nafasi za wavu kwa mpira laini wa silikoni ili mtetemo ugeuke joto haraka. Utapoteza kidogo ya utulivu kwenye 24.7, utapata utulivu wa wastani kote. Mimi ningechagua hivyo bila kusita. Kuvitawanya nako ni rahisi: chapa vyote sawa kwa hezi 26, kisha ongeza washa nzito kwenye mche hadi kila kimoja kishuke kwenye mdundo wake. Kila kifaa kibane kwenye jiliwa, kigonge, kipime kwa simu ileile.

Nyenzo nazo zina tabia zao. Nailoni, plastiki ambayo huenda wavu ukachapwa nayo, hulegea joto linapopanda, na aina yake ya kawaida hunywa unyevu wa hewa ikazidi kulegea. Ugumu ukipungua kwa asilimia 20, mdundo hushuka kwa karibu asilimia 11, maana yake kifaa cha 24.7 kinahamia 22. Bomba lako la maji baridi lililo chini ya paa halitakupa shida kubwa. Lakini watu huniuliza kama wavu wa plastiki ungefaa kwenye bomba la mafuta ghafi litokalo Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga, lile la kilomita 1,443, na huwajibu kwamba mafuta yale yana nta na lazima yasafirishwe yakiwa na joto la nyuzi 50 au zaidi. Karibu na joto hilo nailoni si ya kuaminiwa, ingebidi wavu uchapwe kwa chuma. Tena bomba lile limefukiwa, na udongo unaolikumbatia ni mtulizaji mkubwa. Mahali pa kuangalia mtetemo ni kwenye vituo vya kusukumia, ambako mabomba yako juu ya ardhi.

Yapo pia ambayo wavu hautayaponya hata kidogo. Vali ikifungwa ghafla au pampu ikizimika kwa umeme kukatika, maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde yakisimama mara moja hutoa pigo la karibu baa 12 ndani ya bomba la chuma. Hilo linahitaji vali ya kufunga taratibu au tangi la hewa. Pampu inayonyonya hewa, au inayotoa sauti kama ya changarawe ndani yake, itibiwe upande wa kunyonya. Na kama shafti ya mota na ya pampu hazijanyooshwa sawasawa, mtetemo utatokea pia kwenye mara mbili ya mizunguko, yaani hezi 49.4. Likague hilo kwanza, na ukague bolti za msingi.

Namba hiyo ya 49.4 inanileta kwenye ushauri ambao ningeupa nafasi ya kwanza kabla ya kuchapa wavu wowote. Njia ya toroli ina upana gani hasa? Ikiwa kila nguzo inaweza kusogezwa ndani sentimita 30 tu, nafasi itabaki mita 3.4, na mdundo wa bomba utapanda hadi hezi 36, mbali na 24.7 na mbali na 49.4, karibu katikati yake. Usishawishike kusogeza zaidi hadi mita 3, maana hapo mdundo unafika 47 na utakuwa umetoka kwenye tatizo moja na kuingia kwenye jingine. Angalia pia nafasi za jirani zisirefuke hadi mita 4 kwa sababu ya kuhamisha nguzo. Usilifunge bomba kwenye kenchi za paa. Utahamishia mtetemo kwenye mabati. Kama hilo la nguzo linawezekana, ni zege, klempu mbili na siku moja ya kazi, na wavu hutauhitaji. Kama toroli haziruhusu, basi wavu ni jibu la haki kabisa.

Kuutengeneza kunawezekana hapa nchini. Printa za 3D za uzi wa plastiki zinapatikana Kampala, na miche ya chuma itakatwa na karakana yoyote yenye msumeno mzuri. Binti wa kaka yako anaweza kuuchora wavu kama kazi yake ya masomo, nami niko tayari kuupitia mchoro wake kabla haujachapwa. Mwambie aanze na kifaa kimoja, akipime, ndipo achape vilivyobaki, kwa sababu kifaa cha kwanza karibu kila mara hutoka kikiwa laini au kigumu kuliko hesabu ilivyosema.

Mkishavifunga, pimeni mara tatu: mchana wa jua kali kwa umeme wa gridi, alfajiri, na wakati jenereta inaendesha. Angalieni hasa eneo la hezi 22 na la 27. Pakeni rangi kidogo juu ya kila kichwa cha bolti ya klempu, mstari mmoja unaovuka kutoka bolti hadi klempu, na baada ya wiki moja mtazame kama mistari imevunjika. Nitumie vipimo vya nyundo kwanza, vya juu na vya ubavuni, pamoja na upana wa njia ya toroli. Nikivipata nitakuandikia ni nguzo au ni wavu.